Maoni Yetu: Mgonjwa wa ini apewe jibu, na apewe mapema

Mgonjwa wa figo anayesubiri kupandikizwa ana mashine ya kumshikilia. Anaingia Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, damu yake inasafishwa, bima inalipa shilingi 10,650 kwa kikao, naye anarudi kwake Suneka au Keroka akijua siku ya kurudi tena. Mgonjwa wa ini hana mashine ya namna hiyo. Ini lake likishindwa kazi, hakuna chombo katika kaunti zetu mbili, Kisii na Nyamira, kinachoweza kulishikia zamu kwa miezi. Kila siku ambayo faili lake limelala juu ya meza ya ofisi inatolewa katika siku zake za kuishi.

Ndiyo sababu leo tunasema jambo moja, na tunalisema bila kuzunguka. Ombi la mgonjwa anayehitaji kupandikizwa ini lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu karatasi zitimie. Liwe ndiyo au liwe hapana, lakini liwe jibu lenye sababu na lenye sahihi ya ofisa anayejulikana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Umma wa watu karibu milioni 1.9 haupaswi kutegemea kumjua mtu Nairobi ili barua isogee kutoka meza moja hadi nyingine.

Tuanze na hali ilivyo. Kenya inapandikiza figo. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Hospitali ya Moi mjini Eldoret ni miongoni mwa zinazofanya kazi hiyo. Kwa ini, Wakenya kwa miaka mingi wamekuwa wakielekea India, ambako upandikizaji wa kwanza uliofaulu ulifanyika mwaka 1998 na ambako sasa maini hupandikizwa kwa maelfu kila mwaka. Hapa kwetu bado hatujazoea kutumia viungo vya waliofariki, kwa hivyo mgonjwa husafiri na ndugu aliye hai, aliyekubali kukatwa sehemu ya ini lake. Mtu mzima anayempa mtu mzima mwenzake anaweza kutoa hata zaidi ya nusu. Ini ni kiungo cha ajabu: sehemu iliyobaki kwa mtoaji hukua, na ile aliyopewa mgonjwa nayo hukua, katika muda wa wiki na miezi.

Sasa tuchukulie mkulima wa chai wa Nyansiongo ambaye ini lake limekakamaa. Daktari wa Kisii anampa barua ya rufaa kwa bingwa wa ini Nairobi, mwendo wa kilomita 300 hivi. Bingwa anaandika ripoti. Hospitali ya India inatuma makadirio ya gharama. Baraza la Madaktari, KMPDC, linapitia rufaa ya nje. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, inatazama kama mchango umelipwa, kisha inaamua kuhusu idhini. Kuna pasipoti ya mgonjwa, ya mtoaji na ya msindikizaji. Kuna viza ya matibabu. Kuna cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Kila ofisi ina saa yake, na mara nyingi ya pili haianzi kazi mpaka ya kwanza imalize.

Halafu kuna sheria ya India yenyewe. Sheria yao ya kupandikiza viungo ni ya 1994, ikarekebishwa 2011, na kanuni zake zikatoka 2014. Inataka ubalozi wa nchi ya mgonjwa uthibitishe undugu kati yake na mtoaji, na kamati maalumu iwahoji wote wawili. Kwa Mkenya, hiyo ni kazi ya ubalozi wetu New Delhi. Na hapa ndipo familia nyingi za vijijini zinapokwama. Mzee aliyezaliwa nyumbani Nyamache miaka ya sitini huenda hana cheti cha kuzaliwa. Mama ana jina la ubatizo kwenye kitambulisho na jina jingine kwenye cheti cha mtoto wake. Ndugu wawili wa baba mmoja wameandikwa majina ya ukoo tofauti. Kijiji kizima kinawajua kuwa ni ndugu, lakini karatasi haziwajui. Kuzirekebisha kunataka chifu, msajili wa vizazi na wakili wa kula kiapo, na kila mmoja ana foleni yake.

Tuseme pia lililo haki. Ukaguzi huu haukuwekwa ili kuwasumbua watu. Sheria ya Afya ya 2017 inakataza kuuza viungo vya binadamu, na nchi imeona kwa nini. Mwezi Aprili 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali nyingine, ya binafsi, mjini Eldoret baada ya madai ya biashara ya figo, ikaunda kamati ya wataalamu kuchunguza. Umaskini humfanya kijana auze kilicho mwilini mwake. Na hata pasipo biashara, shinikizo la ukoo ni kubwa. Kikao cha familia kinaweza kumwelekezea kidole mdogo wa mwisho asiye na kazi, au mke aliyeolewa juzi, naye akashindwa kusema hapana mbele ya wazee. Mtoaji anafanyiwa upasuaji mkubwa ambao yeye mwenyewe hauhitaji. Ni lazima aulizwe peke yake, faraghani, na mtu asiye wa familia, kama kweli ameridhia.

Kwa hivyo hatuombi ukaguzi ulegezwe. Tunachokataa ni kuuchanganya ukali na ukawiaji. Mkaguzi makini anaweza kumhoji mtoaji Jumatatu na kuandika uamuzi Ijumaa. Faili likikaa miezi mitatu bila kufunguliwa, mtoaji hakulindwa na lolote katika miezi hiyo. Ni mgonjwa tu aliyezidiwa.

Na kuzidiwa kwake kunapimika. Madaktari huhesabu uzito wa ugonjwa wa ini kwa alama ziitwazo MELD, kuanzia 6 hadi 40, zinazotokana na vipimo vya damu: bilirubini, kreatinini na jinsi damu inavyoganda. Alama hizo husogea. Vipimo vya Machi havimwelezi mgonjwa wa Juni. Mtu aliyeweza kuketi kwenye ndege miezi mitatu iliyopita sasa tumbo limejaa maji, anatapika damu au amechanganyikiwa, na hakuna shirika la ndege litakalompokea bila daktari pembeni. Ripoti ya bingwa inabidi iandikwe upya, damu ipimwe upya, makadirio ya gharama yaombwe upya. Ucheleweshaji unazaa ucheleweshaji mwingine.

Kwa mwenye saratani ya ini mambo ni magumu zaidi. Tangu 1996 madaktari duniani wamefuata kigezo kilichotokana na utafiti wa Milan: upandikizaji hufaa kama kuna uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au uvimbe usiozidi mitatu ambayo hakuna hata mmoja unaozidi sentimita 3. Mgonjwa mwenye uvimbe wa sentimita 4 leo anastahili. Uvimbe ukikua faili likiwa linasubiri, hastahili tena. Hapo hakuna aliyemnyima idhini kwa maandishi, wala hakuna aliyetia sahihi, lakini uamuzi umeshafanyika.

Na kuna watoto wachanga. Wapo wanaozaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba. Upasuaji wa kuwafungulia njia hufaa zaidi ukifanywa kabla ya siku ya 60 ya maisha. Wasiotibiwa, wengi hawafikishi miaka miwili, na wengi wa wanaokosa nafasi hiyo ya kwanza hubaki na tumaini moja tu, kipande kidogo cha ini la mama au baba. Mtoto wa miezi minane hawezi kusubiri mwaka wa fedha ujao.

Hapa tunataka tueleweke vizuri, kwa sababu ndicho kiini cha maoni yetu. Hatusemi kila anayeomba akubaliwe. Wapo ambao upandikizaji hautawasaidia: saratani imeshasambaa, moyo hauwezi kustahimili upasuaji, au pombe bado haijaachwa. Kwa hao daktari mwaminifu atasema hapana. Lakini hapana inayokuja katika wiki ya pili ina thamani kubwa kwa familia. Inawawezesha kutafuta maoni ya bingwa mwingine. Inawazuia kuuza shamba kwa safari isiyo na faida. Inampa mgonjwa nafasi ya kupata dawa za kutuliza maumivu, kukaa na watoto wake, kugawa mali yake akiwa na akili timamu. Ukimya haumpi lolote kati ya hayo. Unamweka njia panda, hana ruhusa ya kutumaini wala ruhusa ya kujiandaa. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa mgonjwa huyu ni kweli neno kwa neno.

Jibu la haraka linagusa fedha pia. SHA ilianza kazi Oktoba 2024 badala ya bima ya zamani, NHIF. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara anatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kwa matibabu ya nje, kikomo ni shilingi 500,000. Kupandikizwa ini India kwa kawaida hakupungui shilingi milioni 3, kabla ya nauli, nyumba ya kukaa wiki kadhaa na dawa. Pengo hilo linazibwa na watu, na watu wetu wanajua kuliziba. Abagusii, wenyeji wa kaunti hizi, wana risaga, majirani wanaokusanyika kumlimia mmoja wao, na moyo huohuo ndio unaojaza viwanja vya shule na makanisa ya Waadventista na Wakatoliki siku ya harambee.

Lakini harambee inahitaji tarehe na inahitaji karatasi. Mwajiri, kanisa, chama cha akiba na kukopa, Mgusii aliye Minnesota au Uingereza, wote huuliza swali moja kabla ya kutoa: je, ameidhinishwa? Barua ya idhini ya shilingi 500,000 ndiyo inayofungua hizo milioni nyingine mbili na nusu. Ikichelewa, inachelewesha hata pesa ambazo si za serikali. Familia inayotegemea bonasi ya chai ya Oktoba, na jibu likaja Desemba, pesa zimeshakwenda kwenye karo na madeni. Inabaki ardhi. Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba. Shamba ni robo ekari, ni nusu ekari. Anayeuza kipande hicho kwa haraka, kwa bei ya mnunuzi anayejua kuwa muuzaji ana mgonjwa, amewauzia wanawe kesho yao.

Tunachodai si fadhila. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 47 kinampa haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka, wenye ufanisi, halali, wa busara na wa haki, na haki ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi unapomwathiri. Bunge liliipa haki hiyo meno mwaka 2015 kwa Sheria ya Uamuzi wa Haki wa Kiutawala. Ofisa anayekalia faili la mgonjwa wa ini bila kujibu hakosi adabu tu, anavunja Katiba. Mwananchi aliyekwama ana njia ya kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, na tunamhimiza aitumie mapema, mgonjwa akiwa bado ana nguvu.

Basi haya ndiyo tunayotaka yafanyike.

Kwanza, Waziri wa Afya aweke kikomo cha siku 14 katika kanuni, si katika hotuba. Kwa mtoto mchanga na kwa mgonjwa mahututi kiwe siku 5. Siku hizo zikipita bila jibu, faili lipande moja kwa moja hadi kwa mkurugenzi mkuu, naye aeleze kwa maandishi kwa nini halijashughulikiwa.

Pili, hatua ziende sambamba. Hakuna sababu ya kusubiri uamuzi wa SHA ndipo cheti cha kuzaliwa cha mtoaji kianze kutafutwa. Hakuna sababu ya ubalozi New Delhi kulipata faili siku mgonjwa anapotua. Karatasi za undugu zianze kukaguliwa siku ileile rufaa inapoandikwa, na zitumwe kwa mtandao.

Tatu, kaunti za Kisii na Nyamira ziweke pamoja dawati moja la rufaa za nje katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Wagonjwa wa Nyamira tayari wanaitumia, na wa Migori, Homa Bay na Narok pia. Dawati hilo linahitaji muuguzi mzoefu, karani, simu, kompyuta na orodha ya kila karatasi inayotakiwa, iliyobandikwa ukutani kwa Kiswahili na Ekegusii. Kazi yake ni kuhakikisha faili linalotoka Kisii limetimia, ili Nairobi isipate kisingizio cha kulirudisha. Gharama yake ni ndogo kuliko ya gari moja la kifahari la afisi ya kaunti.

Nne, kikomo cha shilingi 500,000 kitazamwe upya. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda Hazina ya Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi kwa ajili ya wagonjwa ambao bima ya kawaida imewaishia. Kama ini lililokufa si ugonjwa mahututi, hatujui ni upi. Na idhini isikomee kwenye upasuaji. Aliyepandikizwa humeza dawa za kuzuia mwili usikikatae kiungo kipya, kila siku, maisha yake yote. Kumlipia upasuaji kisha kumwacha bila dawa ni kupoteza fedha na kupoteza mtu.

Tano, SHA na KMPDC zichapishe kila robo mwaka idadi ya maombi ya nje yaliyopokelewa, yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa na wastani wa siku za kujibu, kaunti kwa kaunti. Bila majina ya wagonjwa. Bunge na Seneti haziwezi kusimamia jambo lisilohesabiwa.

Serikali za kaunti nazo zisijifiche nyuma ya Nairobi. Afya imekuwa mikononi mwao tangu 2013, na maini mengi yangeweza kuokolewa kabla ya kufika kwenye kupandikizwa. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingia katika ratiba ya watoto wa Kenya mwaka 2001. Waliozaliwa kabla ya hapo, ambao leo ni wazazi, walimu, wahudumu wa boda boda na wauguzi, hawakuipata utotoni. Wapimwe, asiye na virusi achanjwe, mwenye navyo aangaliwe na daktari na apewe tenofovir anapoihitaji, dawa ileile ambayo kliniki zetu za ukimwi zimekuwa nayo kwa miaka. Homa ya ini aina ya C sasa hutibiwa ikapona kwa vidonge vya wiki 12. Mahindi yaliyovunda ghalani huweza kuwa na sumukuvu, ambayo huleta saratani ya ini. Yaanikwe yakauke vizuri kabla ya kuhifadhiwa, na yaliyoota ukungu yatupwe. Chang'aa inaendelea kuuzwa mchana mbele ya macho ya wenye mamlaka, na inaharibu maini ya vijana wetu.

Wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka nyumba kwa nyumba wafundishwe jambo moja rahisi: mtoto mchanga ambaye macho bado ni ya njano baada ya wiki mbili, au ambaye kinyesi chake ni cheupe kama chokaa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mama asiambiwe amwanike juani asubuhi hadi siku ya kurudi kliniki ya chanjo. Siku 60 hupita upesi.

Na kwa muda mrefu, Kenya ijenge huduma hii nyumbani. Nchi yenye madaktari wanaopandikiza figo haiwezi kushindwa na ini milele. Lakini mgonjwa aliye kitandani leo Manga au Ogembo hataishi kwa jengo la mwaka 2035. Anahitaji ofisi ya mwaka huu ifanye kazi ya mwaka huu.

Hata kabla ya hayo yote, ipo hatua moja isiyohitaji bajeti wala sheria mpya, na inaweza kuanza Jumatatu. Siku ombi linapopokelewa, mgonjwa apewe risiti yenye jina la ofisa anayelishughulikia na tarehe ya mwisho ya kumjibu.